Santuri ya Babu Ina Thamani Gani? Tuelewane Kuhusu Gredi na Bei

Hapa Tanga saivi ukikaa kijiweni Ngamiani au ukipita zako Soko la Mgandini hukosi kusikia habari ya santuri. Huyu anasema kuna mzungu kanunua santuri moja kwa milioni tano, yule anasema zile nyeusi za zamani zina madini ndani ndo maana zinatafutwa, mwingine anaapa kabisa kwamba ukiwa na santuri ya Jim Reeves, yule mwimbaji wa Marekani, basi wewe umeshatoka kimaisha. Matokeo yake watu wamegawanyika. Kuna wanaobeba boksi zima la mzee wao wakampa dalali kwa elfu thelathini kama lilivyo, na kuna wanaolifungia kabatini miaka na miaka wakingoja milioni ambazo haziji. Wote wanaumia, na kinachowaumiza ni kimoja, hawajui kupima kitu walichonacho.

Uzee peke yake hauiongezei santuri hata mia. Kinachoipa bei ni kwamba kuna watu wanaitaka, zimebaki chache, na hii ya kwako iko katika hali nzuri. Hayo mawili ya kwanza huwezi kuyabadilisha, lakini hilo la tatu linapimika, na linapimwa kwa macho na masikio, siyo kwa kukisia wala kwa maneno ya dalali. Ndo nitakalolieleza zaidi hapa maana ndo linalowachanganya wengi.

Kwanza ujue umeshika nini

Tukisema santuri tunasema ile sahani ya duara yenye mifereji myembamba ambayo sindano inapita ndani yake na kutoa sauti. Lakini kwenye boksi moja la mzee unaweza kukuta aina tatu, na kila moja ina tabia zake, ukizichanganya unaweza kuharibu mali kwa mikono yako mwenyewe.

Ya zamani kuliko zote ni zile zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Ni nzito, ngumu, nyingi zina upana wa kama sentimita 25, na kila upande unabeba wimbo mmoja tu wa dakika tatu hivi. Hizi siyo plastiki, zimetengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu fulani wanaopatikana India ukachanganywa na unga wa mawe na vitu vingine. Ikidondoka sakafuni inavunjika vipande kama sahani ya udongo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na kampuni ya HMV, sauti yake iliingia kwenye santuri za aina hii, na pwani yote hii mpaka kwetu Tanga watu wakazinunua na kuzipiga kwenye gramafoni za kuzungusha mkono.

Baadaye ikaja vinaili, ambayo ni plastiki. Sahani kubwa ya sentimita 30 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ilitolewa na Columbia ya Marekani mwaka 1948, hiyo ndo tunaiita albamu au elpii, afu mwaka uliofuata RCA Victor wakatoa ndogo ya kuzunguka mara 45, ndo singo, wimbo mmoja mbele na mmoja nyuma. Vinaili haivunjiki ovyo ila inapinda kwenye joto na inakwaruzika kirahisi.

Sasa kwa sisi watu wa Tanga hiyo ndogo ya 45 ndo ya kuiangalia mara mbili. Mji huu miaka ya 60 na 70 ulikuwa na muziki wa kutisha. Atomic Jazz ni ya hapa, Jamhuri Jazz ni ya hapa, na kwenye taarab kulikuwa na Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club, ambako marehemu Bi Shakila alijulikana kwa sauti ile ambayo mpaka leo ukiisikia unasimama. Bendi za Tanzania zilirekodi sana kwenye kanda pale Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini santuri zenyewe zilikuwa zinachapwa Nairobi, zinarudi huku kuuzwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, na njia ile ikaharibika. Kwahiyo singo za bendi zetu zilichapwa kwa ajili ya soko la hapa hapa Afrika Mashariki, zikapigwa kwenye mabaa na kwenye maharusi mpaka zikachakaa, na zilizobaki safi ni chache sana. Leo kuna watu Ulaya, Marekani, Japani na hata Nairobi wanaozitafuta kwa sababu wanaupenda muziki wenyewe.

Linganisha na Jim Reeves. Mimi nampenda Jim Reeves, nyumba nyingi za huku zilikuwa naye, na hapo ndo tatizo lilipo kwa muuzaji, kila nyumba ilikuwa naye. Santuri zake zilitoka kwa wingi mno dunia nzima kiasi kwamba mtu wa London anaiokota dukani kwa bei ya chai. Anayekununulia ya kwako anakununulia kwa mapenzi tu. Hivyo hivyo santuri nyingi za nyimbo za filamu za Kihindi na za kwaya, siyo zote maana zipo zinazotafutwa, lakini usianze kuhesabu milioni kwa sababu tu kava lina vumbi.

Na zile habari za santuri iliyouzwa mamilioni zipo kweli, ila sikiliza zinavyokuwa. Mwaka 2015 huko Marekani nakala ya albamu ya The Beatles, ile yenye kava jeupe, iliuzwa mnadani kwa dola 790,000. Mtu akisoma hivyo anakimbilia kabatini. Lakini nakala ile ilikuwa na namba 0000001 na ilikuwa ya Ringo Starr mwenyewe, mpiga ngoma wa kundi hilo. Nakala za kawaida za albamu hiyo hiyo ziliuzwa kwa mamilioni na bei yake ni ya kawaida tu.

Suala la madini ndani ya santuri tulimalize hapa hapa. Hakuna. Ni uvumi wa ukoo mmoja na ule wa zebaki nyekundu kwenye cherehani za zamani, ambao mwaka 2009 ulifanya watu Saudi Arabia wanunue cherehani kuukuu kwa bei za ajabu na wasipate chochote. Ukiiyeyusha santuri ya Atomic Jazz utapata plastiki iliyoungua na moshi mbaya, na wimbo umeupoteza.

Gredi ni nini hasa

Wazee waliofanya kazi mashambani huku Tanga wanaijua vizuri habari ya gredi. Mkonge ukishatoka kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani yake, ukaanikwa na kupigwa brashi, hauuzwi tu kwa jina la mkonge, unapangwa, huu gredi ya kwanza, huu 3L, huu UG, na mnunuzi aliye ng'ambo anaagiza kwa herufi hizo bila kuja kuugusa kwa sababu anaamini mpangaji wa huku anatumia kipimo kile kile anachokijua yeye. Santuri ni hivyo hivyo. Mnunuzi yuko Hamburg, wewe uko Makorora, hawezi kuishika, kwahiyo herufi utakazoandika ndo macho yake.

Kipimo kinachotumika zaidi kilienezwa na jarida la Marekani linaloitwa Goldmine, na ndo kinachotumiwa pia na Discogs, lile soko la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2000 ambalo saivi ndo kubwa kwa mambo ya santuri. Juu kabisa kuna M, Mint, yaani haijawahi kupigwa kabisa na haina doa lolote. Hii isahau, wauzaji wenye heshima karibu hawaitumii maana santuri ya miaka 50 ambayo haijaguswa utaithibitisha vipi. Inayofuata ni NM, Near Mint, karibu mpya, inang'aa, hakuna mkwaruzo unaoonekana, sauti safi. Afu VG+, Very Good Plus, imepigwa lakini ilitunzwa, ina vimistari vyepesi kama unywele ambavyo havisikiki. Afu VG, Very Good, hapa mikwaruzo inaonekana na unasikia mchakacho kidogo hasa mahali muziki unapokuwa wa taratibu au mwanzoni kabla haujaanza, lakini wimbo unausikiliza na unaufurahia. Chini yake kuna G+ na G, yaani Good Plus na Good, kelele ni nyingi, mifereji imelika, ila inapiga mpaka mwisho bila kuruka. Mwisho F na P, Fair na Poor, inaruka, imepasuka, imepinda haipigiki.

Angalia hapo kwenye G, maana ndo watu wengi wanajikwaa. Mtu anaona herufi ya neno zuri anaandika G akidhani anaisifia santuri yake, kumbe kwa mnunuzi amesema imechoka sana. Na kinyume chake dalali anakuja kwako anakwambia hii yako ni G tu, wewe unafurahi, yeye anakupa buku mbili.

Kwa nini herufi moja ibishaniwe hivyo? Kwa sababu ya pesa. Mwongozo wa Goldmine unasema kwa makadirio kwamba VG+ inauzwa kama nusu ya bei ya NM, VG inapata kama robo, G asilimia 10 mpaka 15, na huko chini kabisa ni asilimia 5 au sifuri. Tuchukulie mfano santuri ambayo ikiwa NM inauzwa laki mbili. Ikiwa VG+ ni laki moja, ikiwa VG ni elfu hamsini, ikiwa G ni elfu ishirini mpaka thelathini. Ni wimbo ule ule, bendi ile ile. Kwa zile adimu sana makadirio haya yanalegea, mtu ambaye ameitafuta singo fulani miaka kumi atanunua hata VG kwa bei nzuri kwa sababu hajui kama ataiona nyingine, lakini hata huyo atalipa zaidi akiikuta safi.

Jinsi ya kuipima mwenyewe

Nilikaa na mzee mmoja wa Ngamiani akanitolea singo ya Atomic Jazz kutoka kwenye mfuko wa karatasi wa kaki. Akaniambia, mwanangu hii haina shida hata kidogo, nimeitunza kama mboni ya jicho. Nikamwambia sawa babu, naomba tu tuiangalie kwenye mwanga.

Tukazima taa ya tyubu tukawasha balbu moja kali, maana tyubu inasambaza mwanga na mikwaruzo inajificha, balbu moja inaifichua. Unaishika kwa kingo na lebo, vidole visiguse mifereji, unaiinamisha taratibu mwanga ukimbie juu yake. Upande wa kwanza ulikuwa na vimistari vingi vyepesi vya kuingia na kutoka kwenye mfuko, hivyo havitishi. Lakini karibu na mwisho kulikuwa na mkwaruzo mmoja mfupi unaokatiza mifereji, nikapitisha ukucha juu yake polepole, ukucha ukashika. Ukucha ukipita bila kushika mara nyingi hautausikia kwenye wimbo, ukishika basi jiandae. Kwenye lebo mzee aliandika jina lake kwa wino wa bluu na namba 17, walifanya hivyo zamani ili santuri zikiazimwa kwenye harusi zirudi kwa mwenyewe. Na kuzunguka tundu la katikati kulikuwa na vijistari vya kijivu kwenye karatasi ya lebo, hizo ni alama za msumari wa pleya, mtu akiweka santuri bila kuangalia msumari unachora. Zikiwa nyingi ujue imepigwa sana hata kama sehemu nyeusi inang'aa.

Tukaipiga. Mwanzo safi, gitaa linatoka kama maji. Tulipofika kwenye ule mkwaruzo, tik, tik, tik, mizunguko kama sita au saba afu ikaisha, haikuruka. Ukitaka kujua kama tiki ni ya mkwaruzo au ni vumbi tu, hesabu muda. Santuri ya 45 inamaliza mzunguko kwa sekunde 1.3 hivi, na elpii kwa sekunde 1.8, kwahiyo tiki inayorudi kwa mpigo huo huo ni mkwaruzo, inayotokea ovyo ovyo ni vumbi ambalo linaweza kusafishika. Upande wa pili ulikuwa karibu haujaguswa.

Kwa macho tu mtu angesema VG+. Kwa masikio upande wa kwanza ni VG, na upande mbaya ndo unaoamua, hasa ukiwa ndo upande wenye wimbo uliovuma. Mzee akaniuliza, sasa wewe si utaniangushia bei? Nikamjibu babu, mtu aliyelipia VG akapokea kitu kizuri kuliko alivyotegemea atarudi kuulizia nyingine, na aliyelipia VG+ akasikia tiki atadai hela yake, na posta ya kuirudisha mpaka huku itakula faida yote. Tukaandika VG, tukaeleza tiki iko wapi na inadumu mizunguko mingapi, tukasema upande wa pili ni VG+, tukataja na jina lililoandikwa kwenye lebo.

Kuna uharibifu mwingine ambao balbu haiuoneshi vizuri. Zamani sindano ikianza kuruka watu walikuwa wanaweka sarafu juu ya kichwa cha mkono wa pleya. Inaacha kuruka kweli, lakini uzito ule unasaga mifereji, na santuri iliyosagwa inaweza kuonekana nzuri tu ila ukiipiga sauti za juu zinakwaruza, hasa waimbaji wakipandisha na tarumbeta zikiingia. Wengine walipiga vinaili kwenye gramafoni ya zamani yenye sindano ya chuma iliyotengenezewa shelaki, hiyo inachimba kabisa. Ndo maana nasisitiza masikio. Kama huna pleya usidanganye, andika kwamba umepima kwa macho tu, na ushushe gredi kidogo.

Kupinda unakupima kwa kuiweka kwenye pleya na kuiangalia ikiwa usawa wa jicho lako. Ikipanda na kushuka kidogo na sauti haibadiliki, taja tu. Ikiwa sindano inarushwa, imeshuka mpaka chini kwenye ngazi. Na jamani msiweke santuri kwenye dashibodi ya gari wala juani, safari ya mchana kutoka Muheza mpaka mjini inatosha kuimaliza.

Kava lina gredi yake, haliingii kwenye ile ya santuri. Ukiona mtu kaandika VG+/VG, ya kwanza ni santuri ya pili ni kava. Angalia kama limechanika kwenye kingo, kama sahani imechora duara juu ya picha, kama kuna maji au ukungu. Singo nyingi za huku hazikuwa na kava la picha, zilitoka kwenye mfuko wa karatasi wa kampuni, kwahiyo usiogope kwamba ya kwako imepoteza kitu, ila mfuko wenyewe wa asili ukiwepo utunze, nao una wapenzi wake.

Ukungu, sabuni na mafuta ya nazi

Sisi tuko pwani, unyevu ni mwingi, na boksi lililokaa chini ya kitanda Chumbageni litakuwa na ukungu tu. Madoa meupe meupe au ya kijivu kwenye vinaili mara nyingi yanatoka. Chukua maji safi yaliyochujwa ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, futa kwa kufuata duara la mifereji wala usikatize, lebo isilowe, suuza na maji matupu, iache isimame ikauke kivulini. Jua halina kazi hapo.

Mafuta ya nazi usipake. Najua kuna watu wanapaka ili ing'ae mteja akija, inang'aa kweli, afu mafuta yanakaa kwenye mifereji yanashika vumbi na sindano inakokota uchafu. Mnunuzi mzoefu akiiona anajua.

Na zile za 78 usizifute kwa spiriti hata siku moja. Shelaki inayeyuka kwenye spiriti, ni ile ile ambayo mafundi seremala wanaiyeyusha kwenye spiriti kupata vanishi. Utakuwa unafuta uchafu na wimbo kwa pamoja.

Chapa ya kwanza na chapa ya kurudia

Santuri mbili zenye wimbo mmoja zinaweza kuachana bei kwa mbali sana kwa sababu moja ilichapwa wakati ule na nyingine ilichapwa upya miaka mingi baadaye. Hapa usiangalie kava tu. Soma lebo yote, jina la kampuni, namba ya toleo, nchi ilikotengenezwa. Afu angalia ile sehemu tupu nyeusi kati ya mwisho wa wimbo na lebo, inamisha kwenye mwanga utaona herufi na namba zimechorwa au kugongwa ndani ya plastiki yenyewe. Hizo ni kitambulisho cha kalibu iliyotumika kuichapa. Kava linaweza kubadilishwa, lebo inaweza kuigwa, namba zile ni ngumu kuzidanganyia. Ziandike kama zilivyo, hata alama usiyoielewa iandike, na uzilinganishe na orodha za Discogs.

Ukishaipata santuri yako kwenye orodha, tafuta historia ya mauzo. Kuna tofauti kubwa kati ya bei anayoitaka mtu na bei iliyolipwa. Mtu anaweza kuweka singo kwa dola 500 ikakaa hapo miaka mitano, hiyo ni ndoto yake, siyo bei. Discogs wanaonesha ya chini, ya kati na ya juu zilizolipwa kweli, na tovuti ya Popsike inakusanya matokeo ya minada ya eBay. Angalia pia gredi ya ile iliyolipwa pesa nyingi, isije ikawa ilikuwa NM na wewe umeshika G. Dalali anayekuonesha picha ya simu yenye bei kubwa muulize, hii iliuzwa au iliwekwa tu?

Kabla haijaondoka mkononi

Wengine wanaogopa kuuza kwa sababu wanadhani wanauza na wimbo, na wengine wananunua wakidhani sasa wimbo ni wao wanaweza kuutoa upya. Vyote si kweli. Unauza sahani. Haki za muziki zinabaki kwa wanaomiliki haki, wawe watunzi, warithi wao au kampuni, na mtu anayetaka kuuchapa tena lazima awatafute hao na kukubaliana nao, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo kwa ajili ya mambo hayo. Kwahiyo akija mtu na karatasi ya kusaini inayosema umemwachia haki zote za nyimbo za bendi fulani wakati wewe una santuri tu uliyorithi, usisaini, huna cha kumwachia.

Ninachoomba, na naomba kwa moyo wote, ni kwamba santuri ya bendi za Tanga isiondoke kabla wimbo haujachukuliwa nakala. Kanda nyingi za asili huwezi kuzipata, na inawezekana kabisa hiyo singo ya babu yako ndo nakala ya mwisho inayosikika katika mji huu. Pleya yenye waya wa kuingia kwenye kompyuta inatosha, au mpelekee mwenye nayo, irekodi pande zote bila kukata mwanzo na mwisho, piga picha lebo zote mbili na zile namba za kwenye plastiki, weka jina la faili lieleweke. Wajukuu watabaki na sauti hata kama sahani imeenda Tokyo.

Kwenye kufunga, elpii na singo zitoe kwenye kava, weka kava kando yake ndani ya nailoni moja, maana ikisafiri ikiwa ndani inapasua kingo za kava kwa uzito wake, na kava lililokuwa VG+ Tanga linafika G Ulaya. Ziweke kati ya makaratasi mawili magumu ya boksi yaliyo mapana kuliko santuri, pembe zote zizidi, afu ndani ya boksi la saizi yake lisilo na nafasi ya kucheza. Za 78 ni boksi ndani ya boksi, na katikati yake jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa pande zote sita. Piga picha kila hatua. Chukua risiti yenye namba ya kufuatilia mzigo, mtumie mnunuzi namba hiyo siku hiyo hiyo, na usipeleke chochote posta kabla hela haijaingia, awe mteja wa Hamburg au wa Korogwe.